Chupa ya Mulei

Mume wangu Mulei ana kiburi kimoja tu duniani, nacho ni chupa. Ni chupa ya soda ya plastiki aliyoikata juu, akakipindua kile kichwa kiwe mdomo wa kupokea mvua, kisha akachora mistari ya milimita ubavuni. Ameifunga kwenye mti mfupi aliousimika nyuma ya nyumba, mbali na mabati. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Eneo la Viwanda Thika, lazima aichungulie. Halafu anatuma jumla ya mvua kwa WhatsApp ya wakulima wa kanisa letu huku Ngoliba.

Usicheke. Msimu uliopita kila mtu alipanda kwa kukisia, mbegu zikaota, jua likazimaliza. Ndipo tukakubaliana kwamba hakuna kupanda hadi chupa ya Mulei ifikishe milimita arobaini. Aliyeumia kuliko wote ni dada yake Mbula, mjane wa ng'ambo ya barabara. Msimu huu alikuwa amebaki na makopo mawili ya gorogoro ya mbegu ya mahindi, na hakuwa na pa kuomba nyingine.

Jumapili moja Mbula na watoto wake walikuja kula kwetu. Manyunyu yalikuwa yakija na kwenda, na jumla haijafika hata nusu. Kesho yake asubuhi Mulei akarudi ndani meno yote nje. Chupa ilikuwa imejaa karibu pomoni. Nikamwuliza hiyo mvua ilinyesha saa ngapi, maana mimi nilisikia manyunyu tu kwenye mabati. Akaniambia nisijifanye mtu wa hali ya hewa. Akatuma ujumbe: "Tumefika. Pandeni."

Alikuwa bado anavaa viatu Mbula alipopiga simu, akaiweka kwa spika.

"Mulei, uko sure? Nimepiga jembe hapa, huku chini ni vumbi tu."

"Mbula, tulisema hakuna kukisia. Msimu uliopita uliamini jembe, ukapata nini?"

Nilimkanyaga mguu. Hayo si maneno ya kumwambia mtu aliyelala njaa.

"Haya, sawa. Wacha nianze. Na hiyo papai yako ya nyuma usiimwagilie leo. Jana nikinawisha watoto maji ilibaki kwa jagi, nikajaza chupa yake."

Huku kwetu kukavu, mche hufungiwa chupa iliyokatwa ili maji yadondoke polepole kwenye mizizi, na hakuna mtu anayemwaga maji ya kunawa hivi hivi. Na Mulei, kwa akili zake, alikuwa amepanda mpapai chini ya kipimo chake.

Mulei akaacha kiatu cha pili. "Mbula, hiyo chupa si ya papai. Ni ya mvua. Umepanda?"

"Nimechimba shimo ya kwanza. Mbegu niko nayo kwa mkono."

"Irudishe kwa mfuko. Tafadhali."

Alikaa chini na kiatu kimoja mguuni, akawapigia wengine. Kitonga alikuwa bado anakunywa chai. Maluki alikuwa anatafuta ng'ombe wa kulima. Hakuna aliyekuwa ameangusha hata punje. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikacheka hadi nikalia, na Mulei naye akaanza kucheka.

Mvua yenyewe ilikuja wiki iliyofuata, na mahindi ya Mbula sasa yanapita magoti. Jumamosi tulienda kumsaidia palizi. Mulei alikuwa na swali lililomkaa rohoni tangu siku ile.

"Uliona vumbi na macho yako. Mbona ulikuwa unataka kupanda?"

Mbula hakuinua hata kichwa. "Si ni wewe ulisema."

Akaendelea na mstari wake. Mulei alisimama pale na jembe mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane sikuwa na hamu ya kumtania.