Ua Lisilochumwa

Wiki nzima Mwalimu Nyange alikuwa akipitisha utepe wa cherehani katikati ya miguu ya kiti, juu, chini, akiuzungusha nyuma, mpaka mkewe, Bi Tatu, akamuuliza kama amerogwa. Hakurogwa. Alikuwa akijifunza kuvisha filamu kwenye mashine ya sinema, na mashine yenyewe hairuhusiwi kulala nje ya skuli.

Mashine hiyo aliileta Bwana Nassor kutoka Unguja. Alikuwa mkufunzi, ametumwa kuwafunza walimu wa sayansi wa sekondari kusomesha kwa sinema. Maneno yake yalikuwa machache, na yote amri. Alisema wazi: akipatikana mwalimu mmoja wa kuaminika, mashine itabaki Pemba. Asipopatikana, itarudi Unguja kwa meli ya Mkoani. Mwalimu Msellem, wa kwanza kujaribiwa, aliisimamisha filamu akasahau kuzima taa, na picha ya konokono ikaungua tundu mbele ya darasa zima. Akabaki Nyange peke yake. Na Nyange aliitaka mashine ile, jamani, aliitaka! Miaka yote akichora moyo wa chura ubaoni, unatoka kama muhogo.

Siku ya mtihani wakaziba madirisha kwa majamvi. Jenereta ikanguruma nje, wanafunzi wakabanana kwenye mabenchi, Bwana Nassor akakaa nyuma na kalamu yake. Nyange akavisha filamu, akawasha. Subhanallah, picha ikatokea, tena haikuwa kichwa chini!

Ilikuwa filamu ya ua. Vitumba vya mti wa Ulaya vimekaa vichala vichala kwenye vikonyo vyake, na picha za siku nyingi zimeunganishwa ili mtu akione kitumba kikifunguka kwa dakika moja. Kikavimba, kikatikisika, kikaanza kuachia.

"Lo! Yapasuka!" akapiga kelele Ame, kijana wa Konde.

"Yaharibika hiyo, Mwalimu!"

"Wenyewe wako wapi? Ichumeni!"

Darasa zima likaguna kama limefiwa. Mwanapili, msichana wa benchi la mbele, akajifunika uso kwa ushungi asione.

Bwana Nassor akapiga meza. "Darasa gani hili? Ua zuri namna hii mnalililia?" Akaanza kuandika.

Nyange akaitazama ile kalamu. Bwana Nassor alizaliwa mjini, hajapanda mkarafuu hata siku moja. Atajuaje kuwa vitumba vile vyafanana na karafuu, na karafuu huchumwa ingali kitumba, ikishapasuka ni hasara? Hakuna mtoto mle ndani ambaye hajagombezwa kwa karafuu iliyopasuka. Sasa afanye nini? Amri ya mkufunzi ilikuwa filamu iende mwanzo mpaka mwisho bila kukatizwa. Akiitii, huenda mashine akaipata, lakini wanafunzi watatoka pale wameona hasara tu, wala hawakuona ua.

Akazima taa kwanza, kisha mota.

"Mwalimu Nyange!" akafoka Bwana Nassor.

"Niwie radhi, Bwana. Kidogo tu."

Akageuza swichi ya kurudisha nyuma, mota ikaenda, akawasha taa. Ua likajikunja, likajikunja, likawa kitumba tena. Darasa likalipuka kwa makofi. "Imesalimika!"

Nyange akazima tena. "Haya, niambieni. Karafuu zikichumwa zote, kila mti, isibaki hata moja. Mikarafuu ya wajukuu wenu yatoka wapi?"

Time, msichana wa Jadida ambaye mkono wake haujapata kuinuka darasani, akasimama.

"Babu hazichumi zote. Mti mmoja huuacha, zapasuka, kisha zawa mpeta. Ule mpeta ndo mbegu."

"Na ili iwe mpeta, yataka nini kwanza?"

Time akafikiri. "Ipasuke."

Nyange akampisha penye mashine. "Njoo uwashe wewe. Mota kwanza, taa baadaye."

Time akawasha. Kitumba kikavimba, na safari hii darasa zima likainama mbele. "Pasuka! Pasuka!" Kilipofunguka, Nyange akawaonyesha chavua kwa ncha ya fimbo, na nyuki alipotua Mwanapili akapaza sauti, "Karibu, Bwana Nyuki!" Vicheko vikasikika mpaka barabarani.

Majamvi yakashushwa. Nyange akageuka kumkabili mkufunzi.

"Nilisema isikatizwe," akasema Bwana Nassor.

"Ndiyo, Bwana."

"Umeikatiza. Umeirudisha nyuma. Umempa mwanafunzi mashine."

"Ndiyo, Bwana."

"Filamu hii nimeionyesha sijui skuli ngapi. Wanakaa kimya, wanaondoka." Bwana Nassor akakohoa, akatia kalamu mfukoni. "Mashine inabaki. Lakini kesho kabla sijasafiri, nataka nikauone huo mti wa babu."

Nyange hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili.

"Twende leo, Bwana," akasema Time, ameshavaa viatu. "Zimepasuka tangu jana. Kesho zitakuwa zishapukutika."