Poliesta ya Fundi Dhieu

Kambi nzima ya Kakuma ilijua kwamba fundi Dhieu aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha nguo huko Khartoum, maana hakumpa mtu nafasi ya kusahau. Lakini mwaka ule wa 1996 majoho ya kwaya ya kina mama, aliyoyashona yeye kwa poliesta, yaliota vipele vya nyuzi hata kabla ya Pasaka.

"Fundi," alisema Akuol, mwenyekiti wa kwaya, "tukisimama kuimba, watu wanadhani tumelalia pamba. Majoho mapya nayapeleka kwa fundi wa Lodwar."

Dhieu akaona jina lake likipanda lori la kwenda Lodwar. "Mama, nipe wiki moja tu. Kiwandani tulikuwa tukipitisha kitambaa juu ya moto, upesi, yale manyoya ya juu yaungue na nyuzi zenyewe zisiyeyuke. Pasipo manyoya hapana vipele."

"Uchome kwanza ndipo ushone? Haya, nione."

Dhieu alichukua shuka ya poliesta, akapitisha nusu yake juu ya stovu, nusu nyingine akaiacha. Akampa Asekon, mama wa Kiturkana aliyeuza kuni kambini, aivae wiki nzima: bega la kulia upande uliochomwa, la kushoto ule mwingine. Shanga za Asekon, zilizopangana kutoka mabegani hadi kidevuni, zingesugua kitambaa kuliko mashine yoyote.

Jumamosi Asekon akaja, akawasalimu kwa Kiturkana: "Ejok!" Akuol akainama, akachunguza. Mabega yote mawili yalikuwa laini kama yai.

"Kumbe mafuta ya taa umeyaunguza bure," alisema Akuol.

Dhieu akageuka. "Asekon, dada yangu, uliivaa kweli?"

"Nilivaa! Hata nililala nayo." Asekon alikunja uso. "Lakini nitakuja kwa mama ya kanisa na nguo ya vipele? Mume yangu alitoa kisu yake ya kuvaa mkono, akanyoa yote polepole, kama kichwa ya mtoto."

"Alinyoa bega lipi?" Dhieu nusura apige magoti.

"Hii ya kushoto. Hii ingine haikuwa na kitu ya kunyoa."

Akuol alicheka mpaka akashika ukuta.

"Majoho ishirini, fundi," alisema alipopata pumzi. "Yachome yote. Na ukiyeyusha hata moja, utalivaa wewe mwenyewe, usimame nasi sauti ya kwanza."