Ndege ya Kumzika Papa

Kuzika ni kazi kama kazi nyingine, na mimi kazi napenda iishe. Ndiyo maana siku tuliyomzika papa, baba yangu, kule Gitambi nilikaribia kugombana na mzee wa watu mbele ya jeneza.

Mzee mwenyewe ni Muhigirwa, rafiki wa papa tangu ujana. Alivuka mpaka asubuhi kutoka Bukavu, amevaa koti lake la jeshi la anga, lile la enzi za Zaire, ambalo sasa halifungiki tumboni. Yeye na papa walikuwa marubani wa ndege za kivita. Papa, Nzabonimana, Mnyarwanda aliyezaliwa Bukavu, alizirusha katika vita vya jimbo la Shaba, huko Zaire, kisha akaachana nazo, na tuliporudi Rwanda akawa mkulima wa kahawa. Majirani wengi walimjua kwa kahawa tu. Habari za ndege hakutaka kuzizungumza. Tulipokuwa wadogo tukimuuliza aliua maadui wangapi, alitutuma tukateke maji. Lakini kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, aliomba misa kwa ajili ya wale waliokuwa chini ya ndege yake. Majina yao hakuyajua. Alimwambia padri Mungu anayajua.

Basi, sala zimekwisha, kamba ziko tayari, jeneza liko ukingoni mwa kaburi, Mzee Muhigirwa akainua mkono. Akaomba tungoje. Ndege ya abiria inayotoka Kigali hupita juu ya kilima chetu ikienda kutua Kamembe, na yeye alitaka papa ateremshwe wakati ndege iko juu.

Baba mdogo Jean-Paul, msemaji wa familia, alimweleza kwa heshima kwamba padri ana mazishi mengine na mvua inakuja. Padri akatazama saa. Kila Jumapili hutuhubiria uvumilivu, lakini siku hiyo hakuwa nao hata chembe. Mimi nikamwendea mzee, nikamwambia waziwazi kwamba mama yangu Drocella miguu imemvimba kwa kusimama, na kwamba maiti si abiria wa kungoja ndege.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Maman Védastine," akaniambia, "tulikuwaka saba. Batano bakaanguka na ndege zabo, hatukupata hata mufupa ya kuzika. Njo maana mimi na papa yako tukapatana: mwenye atatangulia, mwenye kubakia atamuzika na ndege juu yake. Ni mimi nimebakia. Munipe kidogo tu."

Mama ndiye aliyekata shauri. Aliomba kiti, akaketi, akasema tungoje.

Tukangoja. Wanawake wakaanza wimbo, ukaisha, wakaanza mwingine. Mawingu yalikuja kutoka upande wa msitu wa Nyungwe yakashuka mpaka migombani. Mara tukasikia mngurumo. Shingo zote juu, padri naye, na wachimba kaburi wakavua kofia. Kumbe ni lori la bia ya matanga, linapanda kilima kwa taabu. Watu walicheka wakificha nyuso kwenye vitenge. Nami nilicheka huku machozi yakinitoka, maana papa angecheka kuliko sisi wote.

Kisha simu yangu ikalia. Alikuwa Honorine, binti wa shangazi yangu, anayeuza matunda karibu na uwanja wa Kamembe. Nilikuwa nimemwomba atupashe habari. Aliniambia ndege ilizunguka juu bila kuona uwanja kwa sababu ya mawingu, rubani akageuza kurudi Kigali. Nilidhani nitafurahi, maana sasa tungezika. Sikufurahi. Nilipomweleza mzee, aliyatazama mawingu.

"Amefanya muzuri, ule rubani," alisema. "Iko na bantu ndani."

Akawaashiria wenye kamba waanze kushusha. Yeye akaja mpaka ukingoni, akajinyoosha, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kavu na tulivu, sauti ya mtu aliye kazini, akaongea na jeneza.

"Mwewe Mbili, nakusikia. Piste ya kushukia iko wazi. Upepo iko kidogo. Hakuna muntu mbele yako. Shuka polepole. Niko hapa chini, nakuona."

Jeneza likagusa udongo.

"Umefika," akasema.

Mama alinishika mkono akaninong'oneza kwamba Mwewe Mbili lilikuwa jina la papa angani. Siku moja kule Shaba papa alirudi wa mwisho, ndege yake imepigwa risasi, mawingu yamefunika kila kitu. Muhigirwa, ambaye alikuwa ametua salama, alishika redio akamteremsha kwa maneno hayohayo. Wakati huo mimi sijazaliwa. Bila sauti ile nisingezaliwa kabisa, nami muda mfupi tu uliopita nilikuwa nataka inyamaze. Niliona haya.

Tuliporudi nyumbani tukanawa mikono, kama ilivyo desturi baada ya kuzika, na watu wakaanza kunywa. Mzee Muhigirwa nilimkuta nyuma ya nyumba peke yake, chupa mkononi haijafunguliwa. Nikamuuliza kama amechoka.

"Hapana, Maman. Nawaza tu. Papa yako nimemushusha mara mbili. Mimi, nani atanishusha?"

Akaeleza kwamba watoto wake wako Ulaya, wanampigia simu, wanamtumia dawa, lakini mambo haya hawayajui na hakuwahi kuwaambia. Aliyasema bila kujihurumia, kama mtu anayeuliza bei ya sukari. Nikavuta kigoda, nikaketi mbele yake, nikamwambia anifundishe.

Alinitazama sana. Halafu akaniambia jina lake lilikuwa Mwewe Moja, akanipa maneno yote, moja baada ya jingine. Nikayarudia bila kukosea hata moja, lakini alitikisa kichwa.

"Unasema kama uko ku soko. Muntu mwenye iko mu mawingu anaogopa, mutoto yangu. Hajue kama chini kuko muntu. Umwambie polepole, asikie kama uko hapo chini."

Ndani watu walikuwa wakiniita nigawe chakula. Sikuitika.

"Mwewe Moja," nikasema, polepole, "nakusikia."

Mzee Muhigirwa akaweka chupa chini, akafumba macho.