Vijiko Viwili vya Uji

Mzee Bakary wa Mkotokuyana alikuwa na siku ya tatu wodini kwangu, nimonia imemkaba, homa haitaki kushuka. Kiharusi cha mwaka jana kilimwachia koo zito. Cha kushuka tumboni huteleza kikaingia mapafuni. Hilo nililijua tangu alipoletwa, nikamchagulia sindano za seftriaksoni.

“Tabibu, tuongeze metronidazo,” alisema muuguzi Adinani. “Au tumpe na gentamisini.”

“Dawa si chumvi, Adinani, kwamba mboga ikipooza unaongeza.”

Nilimjibu kwa ukali kwa sababu nilikuwa naogopa. Gentamisini ingeweza kuharibu figo za mzee wa miaka themanini na moja. Nikikosea hapo, nampoteza.

Mchana, muda wa kuona wagonjwa, nikaenda kumsikiliza kifua kabla sijaamua juu ya dawa. Nikakuta watu sita wamezunguka kitanda na bakuli la uji. Kwao, anayekuja kumjulia hali mgonjwa haondoki hadi amlishe japo vijiko viwili. Asipofanya hivyo, amemsusa. Mzee amelala chali, anakohoa, na kijiko kinafuata kijiko. Bintiye, Sikudhani, anampangusa mdomo.

“Mnamzamisha!” nilifoka.

Wageni wakarudi nyuma. Nikamkalisha mzee, nikaliweka bakuli dirishani, nikaionea aibu sauti yangu.

Walipotoka nikamweleza Sikudhani: asubuhi dawa inaua wadudu, mchana uji unaingiza wengine. Alinisikiliza, macho yamelowa.

“Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuua baba?”

“Hukujua, dada.”

“Sikujua,” akasema taratibu. “Ila wewe dokta ulijua. Siku ile tumemleta uliniambia, baba asikose kula, apate nguvu. Hukunambia namna.”

Kweli nilisema hivyo, na nilikuwa nimesahau. Nikamwomba radhi, Adinani akisikia.

Dawa hatukuibadilisha. Kesho yake dada wa mzee alipofika kutoka Ruangwa na uji wake, nilikuwa nimeketi kitandani, mgonjwa ameniegemea begani, kidevu chake nimekiinamisha, Sikudhani kasimama pembeni. Nikamwachia bibi yule alishe kijiko kimoja, nikamwomba asubiri mzee ameze kwanza. Koo lilichelewa. Tukalitazama wote watatu, hadi likapanda, likashuka.