Shimo la Kwanza na la Mwisho

Kabla ya saa nne asubuhi daktari wa upasuaji alikuwa ameshapiga simu mara tatu. Alitaka jibu la mama mmoja mwalimu: ile kasoro ya jeni iliyomuua dada yake kwa saratani ya matiti, naye anayo? Kama anayo, kesho angetolewa matiti yote mawili.

Mwenzangu wa maabara, tunayemwita Fasta, alinisogelea. "Toa ripoti fupi, dada. Anayo. Tumalize."

Programu yetu ina ripoti tatu. Fupi inakupa jina na jibu, na ndiyo wanayoipenda madaktari. Kamili ina kurasa mia mbili. Katikati ipo ripoti ya ubora, ambayo hakuna anayeifungua kwa sababu haina jibu. Inaeleza tu sampuli ilivyosomwa.

Machale yalinicheza. Wiki nzima Fasta alikuwa akiniwahi kazini, na fomu za kupakia sampuli, ambazo siku zote hukaa mezani, sasa alizifungia kwenye droo yake. Kuna kitu anakificha huyu, niliwaza.

"Nafungua ya ubora," nikasema.

"Ya nini? Daktari hasomi hiyo."

"Nasoma mimi."

Akaanza kufuta meza iliyokuwa safi tayari. Nikasema moyoni, leo nimemkamata.

Sampuli zetu hukaa kwenye sahani ya plastiki yenye mashimo tisini na sita. Mwalimu alikuwa shimo la kwanza. Ripoti ilisema: imesomwa vizuri, jinsia ya kiume. Nikasoma tena. Mama wa watoto wanne huyu. Nikashuka hadi shimo la mwisho, la mwanamume: jinsia ya kike. Sahani ina pembe moja iliyokatwa, na pembe hiyo lazima ikae kushoto. Ukiigeuza, mashine inaanza kusoma kutoka mwisho, na kila mtu anapewa jibu la mwingine: wa kwanza la wa mwisho, wa mwisho la wa kwanza.

"Fungua droo," nikamwambia kwa ukali. "Nataka fomu ya aliyepakia sahani hii."

Hakubisha. Alitoa ufunguo, akanipa karatasi. "Nazifungia kwa sababu mfagiaji alitupa mbili wiki iliyopita," akasema.

Saini iliyokuwa chini ilikuwa yangu.

Ijumaa, siku ya kupakia sahani hii, nilikuwa nawahi kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu. Nakumbuka kuvaa koti, nakumbuka kufunga mlango. Sahani siikumbuki kabisa. Niliona aibu hata kumtazama Fasta. Yeye alinisogezea simu tu.

Daktari alipokea papo hapo. "Usimpasue," nikasema. "Jibu si lake."

Majibu ya wengine yalikuwa bado hayajatoka, isipokuwa moja. Mwenye shimo la mwisho, dereva wa gari la wagonjwa, alikuja dirishani juzi, nikampa ripoti fupi kwa mkono wangu. Nilipomwambia hana kasoro ile, yuko salama, alinishika mikono yote miwili. Nikatafuta namba yake, nikaanza kuibonyeza.