Jagi Halikumtosha

Wewe uliuona ule wavu. Usinikunjie uso, uliuona. Uko nyuma ya kibanda cha mlinzi pale kiwanda cha vinywaji, wavu wa chuma mpana kama kitanda, umeegemezwa ukutani, na mlinzi huanika soksi zake juu yake. Umepita hapo ukienda na ukirudi, ukajisemea ni chuma chakavu, ukageuza shingo. Hukuuliza ulitolewa wapi. Watu wazima, macho mawili kila mmoja, mmepita hapo mkiongea habari za mpira. Basi kaa. Na kama mkononi una kinywaji baridi, kishike tu kwanza, tutafika huko.

Jumapili mchana mke wa mkorogaji alikuwa jikoni akitengeneza juisi ya limau. Kesho yake binti yake angeanza kazi, na haifai mtu kuanza kazi bila kupongezwa kwa chochote. Jiko lenyewe lilikuwa dogo, meza yake mguu mmoja umefungwa waya, friji yake inanguruma kama mtu aliyevimbiwa. Aliyaviringisha malimau mezani kwa kiganja, akiyalalia kwa uzito wake mpaka yakalegea. Akakwangua maganda, ile njano ya juu tu, kwa sababu nyeupe yake ni chungu. Akayafikicha na sukari kwa vidole, akafunika bakuli kwa sahani, akaliacha mpaka sukari ikalowa yenyewe na jikoni kukanukia. Kisha akakamua, akachuja kokwa zote, akaongeza maji.

Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mumewe. Mumewe alikuwa akikoroga tangi la shira kule kiwandani, shira ile nzito inayotiwa maji ikawa juisi, na nyumbani hakukubali kunywa alichokoroga. "Pale matunda yako kwenye picha tu," alikuwa akisema. "Tunda pekee linalopita getini ni ndizi ya mlinzi."

Mume huyo hakuwepo. Msimu wa maembe uliopita alikwenda zamu ya asubuhi, akagonga kadi ya kuingia, ya kutoka hakuigonga. Wiki ileile akaja mlangoni msimamizi wa zamu, ambaye kota nzima ya wafanyakazi humwita Chapchap kwa jinsi anavyopiga makofi nyuma ya migongo ya watu. Alikuwa amevua kofia.

"Shemeji," alisema, "sisi wanaume unatujua. Ameonekana stendi na mwanamke."

Mwanamke hakuwa na jina wala stendi haikuwa na shahidi, lakini habari ilipata mahali pa kukaa. Binti aliiamini yote. Alichukua shati la baba yake akalifanya dekio. Alidekia nalo sakafu, akalisuuza, akalianika, kesho yake akadekia tena.

Sasa, nyumba za kota hukaa mtu aliye kazini au damu yake iliyo kazini. Waliambiwa watafute mtu kabla mvua hazijaisha, la sivyo watoe vitanda nje. Binti akaomba kazi, akapewa upesi mno. Akapewa nafasi ya baba yake: kukoroga tangi.

Ndiyo hiyo kazi iliyokuwa inapongezwa kwa juisi ya limau.

Tangu utotoni binti haihesabu kuwa juisi ikiwa limau iko peke yake. Lazima tunda jingine liingie. Mama alikuwa amenunua nanasi, zuri, linang'aa. Alipolipasua, katikati lilikuwa jeusi, lina harufu ya pombe. Duka la karibu lilikuwa limefungwa, la mbali lilikuwa na foleni. Alisimama na kisu mkononi. Ndipo alipokumbuka kreti lililokuwa chini ya kitanda.

Hapo kuna utaratibu ambao watu wa kota wanaujua kama wanavyoujua mlio wa king'ora. Tangi likitoka na rangi isiyo sawa, halimwagwi. Kiasi hutiwa kwenye chupa zisizo na lebo, kila nyumba ya kota ikaletewa kreti, na watu husema ahsante. Kinachobaki huongezwa rangi mpaka kifanane na picha, kikaenda madukani. Wiki aliyopotea mkorogaji, shira ya ladha ya matunda ilitoka nyekundu kupita kawaida, na kota nzima ikagawiwa. Mkewe alilipokea kreti lake, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu, hakulitazama tena. Hakutaka chochote cha watu waliomwajiri mwanamume wa stendi.

Siku hiyo alilivuta. Akafungua chupa moja, akamimina kwenye jagi, juu ya maji ya limau.

Juisi ikageuka nyekundu. Ikaanza kuzunguka yenyewe kwenda kushoto, taratibu, ikasimama, ikazunguka kulia, kisha kitu kikagonga ukingo wa jagi mara mbili. Mumewe alikuwa na mazoea hayo. Hata uji aliukoroga hivyo, kushoto, kulia, ta-ta. Mke akasogeza sahani ya nanasi bovu ili kupata nafasi mezani. Kichwa cha mumewe kikachomoza hadi masikioni, kikakwama. Jagi halikumtosha.

"Limau imezidi," alisema mume.

"Nanasi lilikuwa bovu."

"Mbona umechelewa kufungua?"

"Nilikuwa nimekununia."

"Kwa lipi?"

"Kwa yule mwanamke wa stendi."

"Mwanamke gani?"

Mke alikwenda bafuni kuleta beseni la kufulia, akalisuuza sabuni yote, akammiminia humo. Kisha akafungua chupa ya pili na ya tatu. Mabega yakaja, kisha kifua chenye aproni ya kazi, mkono wa kulia wote, mkono wa kushoto hadi kifundo. Chupa ya mwisho ikaleta mkanda wa suruali na nusu ya mfuko wenye funguo. Kreti likawa tupu. Chini ya mkanda palikuwa na juisi.

Mume akaegemea ukingo wa beseni, akaeleza, kwa sauti ileile aliyozoea kuelezea foleni ya kantini. Tangi lilikuwa na wavu wa chuma juu yake. Wavu ulinata sukari, na kuuosha kulichelewesha zamu, kwa hiyo Chapchap aliamuru utolewe. Mkorogaji alilalamika akaambiwa ana maneno mengi. Siku ile kulikuwa na bonge la sukari, akainama kulivunja kwa mwiko, kandambili ikateleza, akatumbukia.

"Ulipiga kelele?"

"Nilipiga. Chapchap alikuwa palepale juu ya ngazi. Aliuona mkono wangu. Halafu akatazama saa."

"Akasimamisha mashine?"

"Ukisimamisha, tangi zima linamwagwa. Akapiga makofi, akawaambia wa chupa waanze kupokea."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akidundisha mpira ukutani. Mke akamwondolea mumewe kokwa ya limau iliyonata kwenye nyusi.

Binti aliingia akiwa na sare mpya mkononi, ametoka kuipiga pasi. Akatazama beseni. Akaitundika sare kwenye msumari kwanza, maana ilikuwa bado ya moto na ingejikunja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda."

"Kumbe hukwenda popote."

"Nilikuwa chini ya kitanda, mwanangu."

Kitanda hicho ndicho anacholalia yeye na mama yake. Binti alikaa chini sakafuni. Kisha akainuka akaenda uani, akachukua dekio, akalifua kwa sabuni mara mbili, akalikamua, akaja kumvisha. Halikumkaa vizuri. Lilikuwa limekwisha viwiko, na kola ilinuka sakafu. Baba akasema kuna baridi hata hivyo, ahsante.

Mama alijifunga kanga vizuri akaenda kwa jirani wa ukuta mmoja, kuuliza kama kreti lao lilibaki hata chupa.

"Ile nyekundu? Jamani, dada! Tuliimaliza siku mwanetu alipohitimu. Tuliongeza maji ili itoshe. Watu waliramba vikombe! Kwani una wageni?"

"Ni mume wangu. Amepungua miguu."

"Pole, mwaya." Jirani akashika kiuno, akafikiri. "Ningejua ningekuwekea hata kikombe. Ila ngoja nikwambie kitu. Tangu siku ile mzee wangu akikoroga chai anagonga kikombe mara mbili. Na watoto. Na mimi mwenyewe, sasa nikikumbuka. Nilidhani ni mazoea mabaya tu tumeambukizana."

Mama aligonga kila mlango wa kota. Kila mlango ulimpa pole na habari ileile ya kijiko. Hakuna mlango uliompa mguu.

Habari ilimfikia Chapchap kabla mama hajarudi nyumbani. Mama alimkuta jikoni, kofia kichwani safari hii, ameinamia beseni kama mtu anayekagua samaki.

"Mzee, umeonekana," alisema.

"Nimeonekana," akajibu mkorogaji.

"Shemeji, si nilikwambia yu hai mahali fulani? Ukaniona mwongo." Akanyoosha mgongo. "Lakini tusikilizane. Hii ni shira ya kampuni. Ilitolewa ili inywewe."

Mke wa mkorogaji akachukua gilasi kabatini, ile ya wageni, yenye ua. Akaichovya beseni, karibu na mkono usio na kiganja, akaijaza, akaipangusa chini isidondoshe, akatia na barafu. Akampa kwa mikono miwili.

"Karibu, shemeji. Kunywa."

Chapchap aliitazama gilasi. Barafu ilizunguka kwenda kushoto, ikasimama, ikazunguka kulia, ikagonga mara mbili.

"Mimi daktari amenikataza sukari," alisema, akaiweka mezani.

Kisha akatoa uamuzi, akiwa amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kiti. Aliyepo hawezi kuhesabiwa amekufa, kwa hiyo hakuna cha rambirambi. Asiye na miguu hawezi kuhesabiwa amerudi kazini. Kwa hiyo utoro uko palepale, na mtoro aliyerudi nusu ni mtoro. Aproni, akishaivua, irudishwe stoo. Binti aripoti asubuhi, king'ora cha kwanza.

"Na wavu?" aliuliza mama.

"Unachelewesha," alisema Chapchap. Akapiga makofi, kwa mazoea tu, akatoka.

Jioni walimhamishia mkorogaji kwenye pipa la maji la uani, lenye nafasi ya kunyoosha mikono. Walimfunika chandarua kwa ajili ya sisimizi. Majirani walikuja kumjulia hali, mmoja mmoja, wakakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Wakamweleza nani amejifungua na bomba gani limepasuka. Aliyekuwa amemnywa sana aliona haya kidogo, akaleta sukari. Alipobaki na binti, mkorogaji alimfundisha kazi: usivae kandambili, usikubali kuinama ukiwa juu ya ngazi, na bonge la sukari liache likae. Likae hata Chapchap apasuke makofi.

"Akinilazimisha?" aliuliza binti.

Baba yake alikoroga maji ya pipa kushoto, akayakoroga kulia. Hakugonga.

"Nikiikataa, kesho jioni vitanda viko nje," alisema binti. "Na pipa."

"Najua."

Ndivyo ilivyo hadi sasa. Mkorogaji yuko uani, watu wamemzoea kwa usiku mmoja, watoto waliotumwa maji jana jioni walimpigia magoti kwanza kabla ya kuchota kwenye pipa la pili. Shira inauzwa. Chapchap ana makofi yake. Tangi liko wazi kama mdomo wa mtu aliyelala.

Na wewe je? Ulipokoroga chai yako jana asubuhi, hukugonga kikombe mara mbili? Uligonga. Ile iliyokwenda madukani ilinyweka, na hakuinywa ng'ombe. Kidole au kisigino, sijui wewe ulipata nini. Ulisema ni tamu.

Sasa hivi kunapambazuka. Binti ameshavaa sare, yuko njiani, na king'ora bado hakijalia. Mama yake ametangulia, yuko nyuma ya kibanda. Mlinzi ameondoa soksi zake akageukia ukuta. Wavu ni mzito, haubebwi na mtu mmoja. Mama ameshika upande huu, ameuinua hadi magotini, mishipa ya shingo imemtoka, na upande ule hauna mtu.

Weka hiyo gilasi chini. Njoo ushike.