Visu vya Asubuhi

Visu vilivyorudishwa vikiwa vimevunjika vyote vilikuwa vya asubuhi. Niliona hilo kabla ya kitu kingine, kwa sababu mimi ndiye ninayefunga mipini. Asubuhi nafunga kwa waya. Ikifika mchana vidole vimechoka, nafunga kwa mpira wa tyubu. Hakuna kisu cha mpira kilichorudi.

Kipkirui, anayepogoa chai huko chini ya Litein, aliweka chake juu ya kipande cha reli tunachofulia chuma. Kilikuwa vipande viwili.

"Mzee Mosoti, hii ni kisu ama biskuti?"

"Ulikuwa unakata mawe?"

"Chai tu. Hata hiyo chai ilinicheka."

Mzee alitabasamu kidogo, kisha akatazama pale kilipovunjikia. Ndani kulikuwa na chembe kubwa kama sukari. Chuma kilichozidishiwa moto huwa hivyo.

Kipkirui alipoondoka, mzee aliketi.

"Miaka thelathini na nane natazama rangi," aliniambia. "Kikiwa chekundu kama nyanya, natoa, natia kwenye oili. Halafu nakipasha tena polepole mpaka kifanane na mahindi makavu. Sasa ule wekundu siuoni mpaka umepita. Ni macho, Nyabate. Jumamosi mnunuzi wa vyuma kuukuu akija, mpe vifaa vyetu vyote. Hata reli."

Mimi sijibu watu haraka. Hata shuleni, kabla sijaacha darasa la sita, mwalimu alikuwa akiniruka.

Niliendelea kuzungusha feni ya kupulizia moto. Siku hizo nilikuwa nachoka hata kabla ya kuanza.

Dirisha letu lilikuwa limezibwa kwa gunia tangu enzi za fundi aliyemfundisha mzee. Mzee alidhani ni la kuzuia mvua. Moshi ulikaa humo ndani, nikakohoa mpaka kitandani. Mwezi wa tatu, mzee alipoenda matanga Kisii, nililing'oa gunia hilo. Aliporudi nikamwambia lilioza. Akasema sawa.

Tangu hapo jua la asubuhi linaangukia moto, na kwenye jua chuma kilichoiva kinaonekana kama bado hakijaiva. Mzee anangoja, chuma kinaungua. Mchana mawingu yanakuja, mvua inanyesha kama kawaida ya huku, chumba kinaingia giza, naye anaona vizuri. Nimelijua hilo wiki tatu. Nikisema, gunia linarudi, na moshi unarudi.

Ijumaa alianza kupanga koleo kwenye ndoo, akifuta kila moja kwa shati lake. Hakuwa na haraka. Nilisimamisha feni.

"Mzee."

"Umechoka? Pumzika tu, mama."

"Si macho yako. Ni jua. Gunia halikuoza. Ni mimi nililing'oa."